Mimea inayokula wadudu nyumbani: tafuta maji kwanza, mmea baadaye

Mtu akisikia kuna mmea unaokula nzi, swali lake la kwanza ni chakula: nitaulisha nini, na mara ngapi? Swali lina haki yake, ila mimea hii haifi kwa njaa. Inakufa kwa maji ya bomba, kwa udongo mzuri wa bustani, na kwa kijiko cha mbolea kilichowekwa kwa nia njema.

Asili yake ni vinamasi na miamba inayochuruzika maji, mahali ambapo ardhi ina tindikali na mvua imekwisha kuosha naitrojeni na fosforasi. Huko chini mizizi haipati cha maana, ndiyo sababu majani yakageuka mitego. Mizizi yenyewe imebaki midogo, imezoea maji ambayo karibu hayana madini. Ukiipa maji ya kisima yenye chumvi na chokaa, madini hujikusanya ndani ya kopo wiki baada ya wiki, majani yanaungua ncha, na baada ya miezi michache unabaki na kopo la udongo. Kwa hiyo tuanze na ndoo, duka la maua litafuata.

Hatua ya 1: Hakikisha una maji yanayofaa

Nunua kipima TDS, kile kifaa kidogo cha umbo la kalamu wanachotumia wauza maji na wafugaji wa samaki wa mapambo. Kinaonyesha madini yaliyoyeyuka kwenye maji kwa kipimo cha ppm, yaani sehemu kwa milioni. Chini ya 50, tumia bila wasiwasi. Kati ya 50 na 100 mmea utavumilia, ilimradi mara kwa mara uusuuze kwa maji safi zaidi. Ikipita hapo, tafuta maji mengine. Visima vingi vya pwani vinasoma mamia, vingine zaidi, na hata maji ya bomba mara nyingi hayafai.

Maji ya mvua ndiyo bora, tena hayana bili. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwenye mabati, halafu kinga kwenye ndoo au dumu. Madumu matatu manne ya lita 20, yakifungwa vizuri wakati wa masika, yatayavusha makopo machache sehemu kubwa ya kiangazi. Kama nyumbani kuna tangi la saruji, pima kwanza, maana saruji huachia chokaa.

Watu wa Dar, Zanzibar, Mombasa na Muscat mna hazina mnayoimwaga kila siku: maji yanayodondoka kwenye bomba la AC. Ni mvuke wa hewani uliopozwa ukawa maji, kwa hiyo huwa na madini kidogo sana. Yachuje vumbi, yapime, yatumie. Vituo vya kujaza maji vinavyosafisha kwa osmosisi, yaani kusukuma maji kupitia utando unaozuia madini, navyo ni vizuri, ila vingine hurudisha madini mwishoni ili maji yapate ladha. Nenda na kipima chako mfukoni.

Kuchemsha hakutoshi: maji hupungua, madini mengi yanabaki. Chujio la mkaa huondoa klorini na harufu, madini huyapitisha. Na jihadhari sana na neno “maji ya betri”. Kwenye duka la vipuri unaweza kupewa maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji yasiyo na madini, ambayo ni mazuri mno kwa kazi hii, au ukapewa asidi ya kujazia betri mpya, ambayo inaunguza ngozi na kupofusha macho. Soma lebo, uliza, na usiyaweke mahali watoto wanafika.

Hatua ya 2: Chagua mmea wa mahali unapoishi

Video nyingi za Ulaya na Marekani zinatupoteza hapa. Kule shida yao ni mwanga hafifu na baridi. Sisi shida yetu kubwa ni joto la usiku.

Kila mtu anataka dionea, ule wenye mdomo wa meno unaofumba. Kwa anayeanza, siushauri. Kwao ni eneo dogo tu la Marekani, karibu na mji wa Wilmington katika jimbo la North Carolina na kipande cha South Carolina, ambako kuna majira ya baridi na mmea hulala, yaani huacha kukua, miezi mitatu hadi minne kila mwaka. Ukiwekwa Tanga haulali. Unaendelea kutoa majani, kila toleo dogo kuliko lililopita, mpaka unachoka. Tutaurudia baadaye kwa wale wasiosikia.

Kama unaishi nyanda za juu, kama Nairobi, Arusha, Iringa, Mbeya, Kigali au Bukavu, anza na Drosera capensis kutoka Rasi ya Afrika Kusini. Majani yake ni marefu na membamba, yamejaa nywele nyekundu, na kila nywele ina tone la gundi linalong'aa. Haihitaji kulala, inajichavusha yenyewe, na hata ukiikata juu huchipua tena kutoka kwenye mizizi. Hakuna mwalimu mvumilivu kuliko huyu. Uongeze Pinguicula moranensis ya Meksiko, yenye majani mapana ya kunata kama yamepakwa siagi, inayokaa vizuri dirishani na kunasa vile vijinzi vidogo vya udongo.

Pwani, Drosera capensis itahangaika kwenye joto la Januari na Februari. Huko chukua Drosera burmannii, ndogo kama sarafu, ya Asia ya joto na Australia. Nywele zake za pembeni hujikunja kwa sekunde chache tu mdudu akizigusa. Huishi muda mfupi lakini huacha mbegu nyingi, hivyo kopo halibaki tupu. Ukiwa na baraza lenye kivuli na hewa ya unyevu, mmea wako hasa ni nepenthesi, wenye vikombe vinavyoning'inia. Chotara aitwaye Nepenthes × ventrata ni mgumu, anavumilia makosa, na anakubali pwani na bara.

Mahali popote, weka kopo moja la Utricularia livida, ambayo inaota porini Afrika na pia Meksiko. Juu utaona vimajani na maua madogo meupe au zambarau. Mitego iko chini ya udongo: vifuko visivyofika milimita chache, vinavyofyonza viumbe vya majini kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hutauona ukifanya kazi, lakini ndio mtego wa kasi kuliko yote kwenye orodha hii.

Drosera tunazo pia porini. Drosera madagascariensis inaota kwenye vinamasi vya Tanzania na Uganda, na huko Madagaska huchumwa kwa wingi kupelekwa Ulaya kutengenezewa dawa za kikohozi. Ukikutana nayo, piga picha uiache. Ikichimbwa porini mara nyingi hufa njiani, na vinamasi vyenyewe vinazidi kukaushwa kwa mashamba.

Kuhusu kuagiza nje: dionea na nepenthesi zote zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mmea wowote hai unahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka unakotoka pamoja na kibali cha kuingiza kutoka mamlaka ya afya ya mimea, KEPHIS kwa Kenya au TPHPA kwa Tanzania. Omba kibali kabla mzigo haujatumwa. Mbegu nazo zinahitaji cheti hicho na kibali cha kuingiza. Zile mbegu za dionea ya buluu au nyeusi zinazotangazwa mtandaoni ni utapeli, hakuna mmea wa namna hiyo.

Hatua ya 3: Kopo na mchanganyiko

Tumia plastiki. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi hunyonya na kuhifadhi chumvi, na cha saruji kina chokaa ndani yake. Chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa katikati na kutobolewa matundu chini inatosha kwa drosera, maana kimo cha sentimita 10 hadi 12 huipa mizizi nafasi.

Mchanganyiko wa kawaida ni piti mosi (mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza nusu) sehemu moja na perilaiti sehemu moja, ile chengachenga nyeupe nyepesi. Mtego uko kwenye piti mosi yenyewe. Nyingi inayouzwa kwa wakulima wa miche imekwisha kutiwa chokaa na mbolea, na hiyo ni sumu kwa mimea hii. Tafuta iliyoandikwa kuwa haina kilichoongezwa, yenye pH, yaani kipimo cha tindikali, kati ya 3.5 na 4.5. Ukiikosa, sfagnamu kavu, mosi mrefu wa kinamasi wanaoutumia wafuga okidi, inafanya kazi vizuri peke yake, ingawa bei yake inauma.

Je, usumba wa makumbi ya nazi? Unapatikana kila kona ya pwani, na unaweza kutumika, lakini una chumvi nyingi. Uloweke kwenye maji safi, ukamue, umwage, urudie siku kadhaa mpaka kipima TDS kionyeshe maji yanatoka karibu kama yalivyoingia. Mimi ningeutumia kwa nepenthesi tu.

Ukikosa perilaiti, mchanga unafaa kama si wa bahari. Weka kijiko cha mchanga kwenye kikombe, mimina siki: ukitoa mapovu, una chokaa, uache. Mchanga wa ufukweni na vipande vya matumbawe usivikaribishe kabisa.

Lowesha mchanganyiko kwa mikono hadi ushibe maji, maana piti mosi kavu hukataa maji juu juu. Jaza kopo bila kushindilia.

Hatua ya 4: Kupanda na wiki za mwanzo

Mmea uliosafiri hufika umekauka gundi, majani yamelala. Usiogope wala usianze kuulisha. Osha mizizi polepole kwa maji safi, toboa shimo kwa penseli, ishushe mizizi wima, rudisha mchanganyiko mpaka shingo ya mmea ilingane na uso wa udongo. Funika kwa mfuko mwangavu uliotobolewa, weka kwenye mwanga usio jua la moja kwa moja. Baada ya siku nne tano anza kuufunua kidogo kidogo. Majani ya zamani yanaweza kufa yote, tazama katikati. Jani jipya likitoka na matone yake, umevuka.

Hatua ya 5: Jua

Drosera capensis inapenda jua kamili la asubuhi, kwa muda wa saa nne au zaidi. Jua la saa sita mchana pwani ni kali mno, weka neti ya kivuli. Rangi itakwambia: nywele nyekundu iliyokolea maana yake mwanga unatosha, jani la kijani lililorefuka na kulegea bila matone linaomba jua. Mmea uliokuwa kivulini usiuhamishe juani kwa siku moja, utababuka. Mpe wiki moja hadi mbili, kila siku saa moja zaidi.

Pinguikula na nepenthesi wanataka mwanga mwingi uliochujwa: dirisha la mashariki, au chini ya mwembe usio mzito.

Hatua ya 6: Kumwagilia, na suala la mbu

Drosera na utrikularia humwagiliwa kwa chini: weka makopo kwenye trei, mimina maji yafike sentimita moja au mbili, mizizi ivute yenyewe. Udongo usikauke kamwe.

Lakini trei ya maji barazani ni nyumba ya mbu. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019, na Aedes anayeieneza anapenda vyombo vidogo hasa kama hivi. Kwenye joto letu yai linaweza kuwa mbu kwa muda wa wiki moja na siku chache. Usimtegemee mmea wako kumaliza kazi hiyo. Drosera hunasa mbu mmoja mmoja anayepotea njia, haisafishi nyumba. Utaratibu unaofaa ni huu: mimina maji yanayoisha kwa siku mbili tu, acha trei ikaribie kukauka huku udongo bado una unyevu, kisha jaza tena. Mara moja kwa wiki mwaga yaliyobaki na sugua kuta za trei kwa brashi, kwa sababu Aedes hubandika mayai juu ya usawa wa maji na yanastahimili ukavu. Madumu ya akiba yawe na vifuniko au neti inayobana.

Kila mwezi, au mvua kubwa ikinyesha, acha maji safi yapite juu ya udongo hadi yatoke chini kwa wingi. Ndivyo madini yaliyojikusanya yanavyoondoka.

Hatua ya 7: Chakula

Ukiiweka mimea nje, habari ya chakula imeisha hapo hapo. Itajikamatia.

Ndani ya nyumba isiyo na wadudu, drosera mpe mdudu mdogo kila wiki mbili au tatu. Chakula kikavu cha samaki wa mapambo, vile viwavi vyekundu vilivyokaushwa, ni rahisi kuliko kufukuza nzi: loweka kimoja, kiweke juu ya jani kwa kijiti. Ndani ya saa chache jani litaanza kujikunja kukizunguka. Nyama, jibini na mayai huoza na kuozesha jani. Dagaa pia, tena wana chumvi. Sisimizi mmoja mmoja anatosha kikombe cha nepenthesi; kumbikumbi mzima ni karamu iliyozidi, labda kikombe kiwe kikubwa.

Mbolea kwenye udongo: hapana. Hakuna kipimo kidogo cha kuanzia.

Kwa wasiosikia: dionea

Basi umeununua. Fahamu jinsi mtego unavyohesabu. Ndani ya kila upande kuna nywele chache za kuhisi, kwa kawaida tatu. Mguso mmoja haufanyi kitu. Mguso wa pili ndani ya kama sekunde 20 ndio unaoufunga, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kisha mdudu akiendelea kupapatika, mtego unabana na kutoa vimeng'enya, na kumeyusha huchukua wiki moja hivi au zaidi. Kila mtego una mara chache tu za kufanya kazi hiyo kabla haujafa, kwa hiyo watoto wakiuchokoza kwa kijiti wanaumaliza bure. Mdudu aliyekufa umtie, halafu ubonyeze mtego taratibu kwa nje ili udhani yuko hai. Asizidi theluthi moja ya ukubwa wa mtego.

Usingizi ni lazima. Njombe, Makete au Limuru, baridi ya Juni hadi Agosti inaweza kusaidia ukiuacha nje na kupunguza maji. Pwani, njia iliyobaki ni jokofu: toa mmea, osha mizizi, kata majani yaliyokufa, funga shina lake la chini, lenye umbo la kitunguu, kwa sfagnamu yenye unyevu mdogo, tia kwenye mfuko, weka droo ya mboga mahali pasipoganda. Kagua ukungu kila wiki mbili. Baada ya miezi mitatu upande tena na uurudishe juani kidogo kidogo. Mkeo au mama akikuta mfuko wa tope kwenye droo ya mchicha, uwe na maelezo tayari.

Na ununue kwa muuzaji anayeuzalisha kitaluni. North Carolina imefanya kuiba dionea porini kuwa kosa kubwa la jinai tangu Desemba 2014.

Nepenthesi ina sheria zake

Yote niliyosema kuhusu trei, sahau hapa. Mizizi ya nepenthesi ikikaa ndani ya maji inaoza. Changanya usumba uliooshwa au sfagnamu pamoja na perilaiti na vipande vya mkaa wa kawaida, mwagilia kwa juu, acha maji yapite. Ning'iniza. Hewa ikiwa kavu, majani yatakua bila vikombe. Nyunyizia asubuhi, au sogeza karibu na mimea mingine. Vikombe vilivyomwagika safarini viongezee maji safi hadi robo. Kikombe kikizeeka hunyauka juu kwanza, na hicho si ugonjwa.

Ukiona dalili hizi

Majani mapya ya drosera yakitoka yamejikunjakunja, tafuta vidukari katikati. Zamisha kopo zima kwenye maji safi siku moja au mbili, wengi watakufa na mmea hautadhurika. Sabuni ya vyombo usitumie. Ukungu wa kijivu kwenye jani lililokufa maana yake hewa haizunguki. Kata jani, fungua dirisha. Utando wa kijani juu ya udongo si hatari. Utando mweupe wa chumvi ukingoni mwa kopo ni wa kuushtukia: suuza, kisha pima maji yako upya. Kwa vyovyote, badilisha mchanganyiko kila mwaka mmoja au miwili.

Kuzidisha

Drosera capensis ndiyo yenye raha zaidi. Chuna jani zima lenye afya, lielee kwenye glasi ya maji ya mvua dirishani. Baada ya wiki kadhaa vijimea vitaota juu ya jani lenyewe. Vikishaota mizizi, vipandikize kwenye kopo. Mbegu ni vumbi jeusi: zinyunyize juu ya udongo uliolowa kwa karatasi iliyokunjwa, usizifukie, maana zinahitaji mwanga. Funika kwa plastiki mwangavu, subiri wiki mbili hadi sita.

Usipozivuna zitaota kwenye kila kopo ulilonalo. New Zealand wanaihesabu drosera hii kuwa gugu, kwa hiyo maji ya trei yenye mbegu usiyamwage kwenye mto au kinamasi. Kata bua la maua vifuko vya mbegu vinapogeuka vya kahawia, likung'ute juu ya karatasi nyeupe, hifadhi mbegu kwenye bahasha kavu ndani ya jokofu, na uandike juu jina na mwaka.